Flutter: Play Console inasema namba ya toleo imeshatumika, na +18 inaleta onyo jingine

fundi_msimbo aliuliza:

Wakuu, habari. Natengeneza app kwa Flutter (zana ya kuunda app za Android na iOS kwa msimbo mmoja). Kwenye pubspec.yaml, faili la mipangilio ya mradi, nilikuwa na `version: 1.4.2+17`, nikabadilisha iwe `1.4.3+17`, nikaendesha `flutter build appbundle --release`. Play Console (tovuti ya kupakia app kwenye duka la Google) ikakataa: namba 17 imeshatumika. Nimefuta toleo la majaribio ya ndani lililokuwa na 17, bado inakataa. Nilipoweka `+18` faili limepokelewa, ila naonywa kwamba watumiaji wa sasa hawatapata toleo hili. Toleo lililoko hewani lilikuwa APK (faili za kusakinisha app) za `--split-per-abi`, yaani moja kwa kila aina ya prosesa. Upande wa iOS, 1.4.2 yenye namba 18 nayo imekataliwa. Nakosea wapi?

mti_mkavu alijibu:

Mkuu, kilicho kabla ya alama ya kujumlisha ni jina la toleo, na Play hailitumii kulinganisha. Hata ukiandika 9.0, kinacholinganishwa ni versionCode, yaani namba iliyo baada ya `+`. Na namba ikishapakiwa mara moja imekwisha, hata kama iliishia kwenye majaribio ya ndani ukaifuta. Usihangaike kuirudisha.

Onyo la pili ndilo la msingi. `--split-per-abi` haipeleki 17 kama ilivyo. Flutter inaongeza elfu kwa kila aina ya prosesa: armeabi-v7a inapata 1017, arm64-v8a inapata 2017, x86_64 inapata 4017. Kwa hiyo simu nyingi za watumiaji wako tayari ziko 2017, na Android haishuki kutoka 2017 kwenda 18. Panda juu ya namba kubwa kuliko zote:

`version: 1.4.3+4018`

Kuanzia hapo endelea 4019, 4020. Usirudi tena kwenye kugawa APK kwa ajili ya duka, maana 4018 itageuka 5018, 6018 na 8018, na utalazimika kuruka upya.

bi_terminali alijibu:

Naongezea: kabla ya kupakia, soma namba iliyomo ndani ya faili lenyewe kwa bundletool, zana ya Google ya kushughulikia faili za .aab. Pubspec inakuonyesha ulichoandika, si lazima kiwe ndicho kilichoingia.

`bundletool dump manifest --bundle=build/app/outputs/bundle/release/app-release.aab --xpath=/manifest/@android:versionCode`

Ukiona namba tofauti na uliyoandika, fungua android/app/build.gradle (au build.gradle.kts). Panapaswa kuwa na `versionCode = flutter.versionCode`, miradi ya zamani ina `flutterVersionCode.toInteger()`. Kama mtu aliandika pale `versionCode 17` kwa mkono, pubspec haisomwi kabisa, hata uendeshe `flutter clean` mara ngapi. Angalia pia productFlavors (matoleo mbadala ya app moja), kwani namba iliyowekwa humo inashinda ya defaultConfig (mipangilio ya msingi). Na kama kuna skripti ya seva ya kuunda app inayopitisha `--build-number`, hiyo inashinda pubspec.

local.properties usiiguse. Flutter huiandika upya kila inapounda.

tofaa_bichi alijibu:

Kwa iOS sheria ni nyingine. Huko jina la toleo lina uzito: 1.4.2 ikishaidhinishwa, mlango wake umefungwa, hata ukipandisha namba ya ndani kutoka 17 hadi 18. Nenda 1.4.3. Namba ya ndani inatakiwa isijirudie ndani ya jina lilelile tu, hivyo 4018 haina tatizo huko.

Watu wengi hukwama kwa kubadilisha pubspec kisha kwenda moja kwa moja Xcode (programu ya Apple ya kuunda app) na kubonyeza Archive. Xcode inasoma ios/Flutter/Generated.xcconfig, ambayo bado ina namba ya zamani mpaka Flutter iiandike. Anza na `flutter build ios --config-only`, au tumia `flutter build ipa` na uachane na Archive. Info.plist ibaki na `$(FLUTTER_BUILD_NAME)` na `$(FLUTTER_BUILD_NUMBER)`. Kama una kiendelezi, mathalani wijeti au huduma ya arifa, nacho kibebe namba zilezile za app kuu.

Kumbuka pia kwamba sehemu za jina hulinganishwa moja moja kama namba nzima: 1.10.0 ni mpya kuliko 1.9.0.

fundi_msimbo:

`1.4.3+4018` imepita Play bila onyo, na iOS imepokea. Asanteni sana. Je, nikitumia tarehe na saa kama versionCode ili nisisahau kupandisha?

bi_terminali:

Kikomo cha Play ni 2100000000. Mwaka, mwezi, siku, saa na dakika ni tarakimu 12, haziingii. Ukiishia kwenye saa, mfano 2025061514, inaingia, lakini baada ya hapo huwezi kurudi kwenye 4019 kamwe, na unapata toleo moja tu kwa saa. Kuhesabu komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye git) kwa `git rev-list --count HEAD` ni bora kidogo, ila hesabu yako lazima iwe imeshapita 4018, la sivyo ijumlishie 5000. Tena seva nyingi hunakili komiti ya mwisho peke yake, nawe utapata 1 kila mara. Iamuru ivute historia nzima. Kwa mradi wa mtu mmoja mimi ningepandisha kwa mkono, moja moja, na kuweka tagi ya git yenye namba hiyo kila faili linapopakiwa.