"Hali yake si nzuri" na "hali yake ni mbaya" ni kitu kimoja?

Kijana wa Mbagala:
Wakuu habari zenu, naombeni mnisaidie hili maana limenikaa moyoni. Mwezi uliopita shangazi alinipigia toka Songea akaniambia bibi hali yake si nzuri, mi nikachukulia anaumwa umwa tu kwa sababu hakusema ni mbaya, nikamjibu ntakuja wikiendi. Kaka yangu kaambiwa maneno hayohayo, alfajiri yake kapanda basi, kamkuta wodini kwenye oksijeni. Namshukuru Mungu bibi katoka. Ila si nzuri si inaweza kuwa ya katikati jamani??

Mama Tatu:
Pole mwanangu. Kuna maneno hayana katikati, namba isiyo shufwa ni witiri basi, hakuna pa kukimbilia. Mengine yana uwanja, chai isiyo ya moto si lazima iwe baridi, ipo ya vuguvugu, na mtu asiye mrefu si lazima awe mfupi. Nzuri na mbaya ziko huku kwenye uwanja, kwa hiyo hukukosea kufikiri hivyo. Ila mtu mzima hakwambii kavukavu kwenye simu "hali mbaya", anaogopa kukushtua uko mbali, pengine uko barabarani, ndo anasema si nzuri. Sisi kwetu ukisikia hivyo unafunga begi.

Wa Likoni:
Na huku Mombasa ni vivyo hivyo. Kinachonishangaza mimi ni kuwa upande wa pili haiendi hivyo, yaani si nzuri yashuka mpaka mbaya lakini si mbaya haipandi mpaka nzuri. Fundi akikuuliza gauni limekaaje ukamwambia si mbaya, ajua hujaridhika. Lakini si haba ndio yapanda, mavuno si haba ni maneno ya shukrani, yametosha hayo, japo haba yenyewe ni kidogo.

Kijana wa Mbagala:
Asanteni sana, nimeelewa. Sasa jana shangazi kasema bibi "hajambo kidogo", hiyo naipokeaje?

Mama Tatu:
Hiyo ni nafuu mwanangu, hajambo ni hana jambo, na hapo kidogo haimaanishi hali ni ndogo, ni kwamba anaanza kupata ahueni. Nenda kamuone lakini.

Kijana wa Mbagala:
Tiketi nishakata, naondoka Alhamisi.