Mtoto hakoromi, ila asubuhi anaamka kichwa kinamuuma

Habari zenu ndugu, na wakubwa shikamooni. Binti yangu ana miaka 4. Hakoromi wala hahangaiki usiku, lakini anaamka kichwa kinamuuma na mchana anasinzia. Hospitali wamempima kwa kile kifaa cha kidoleni, wakasema oksijeni inashuka kidogo akilala, wakatupa mtungi wa kutumia nyumbani. Lugha ya huku bado inanishinda, hata sikujua niulize nini.

---

Mama, pole sana. Mtungi usiuondoe mwenyewe, ila kesho wapigie, uwaombe apimwe kaboni dayoksaidi usiku kucha. Kifaa cha kidoleni kinasoma oksijeni, kaboni hakisomi. Mtoto anayevuta pumzi haba kaboni inamjaa, na ukimwongezea oksijeni namba inapanda vizuri huku kaboni nayo inazidi kupanda. Kwa watoto, kaboni ikikaa juu ya 50 (kwa kipimo cha mmHg) kwa zaidi ya robo ya usingizi wanahesabu ni tatizo.

Mara nyingi shida huwa tezi za koo, na huyo utamsikia akikoroma. Mtoto wangu alilala kimya kabisa. Nilimwekea kiganja kifuani nikawa nasubiri kiinuke, kikainuka kidogo tu, kisha nikasubiri tena. Wala hakuhangaika kutafuta hewa, na hicho ndicho kilichotupumbaza. Kumbe akilala, ubongo haumsukumi kupumua. Ni hitilafu ya kuzaliwa kwenye jeni iitwayo PHOX2B, iliyojulikana mwaka 2003 kuwa ndiyo chanzo. Wengi hugundulika wakiwa wachanga, wachache hukawia kama wangu, wengine hadi wapewe nusukaputi. Daktari aliniuliza kuhusu choo, nikashangaa, mimi nimeleta shida ya pumzi! Baadhi ya watoto hawa neva za utumbo hazikukamilika, choo kinawasumbua tangu kuzaliwa.

Zipo sababu nyingine: sehemu ya nyuma ya ubongo kushuka kwenye uti wa mgongo, misuli dhaifu, au mtoto aliyekuwa mzima akaanza kunenepa kwa kasi na pumzi ikaharibika. Yote hayo mtajie daktari.

Dai mkalimani wa hospitali, usimtumie mtoto mkubwa kutafsiri. Wangu analala na mashine ya kupumulia, hata usingizi wa mchana, hata akisinzia kwenye gari. Tuna betri ya akiba, na barua ya daktari kwa lugha ya huku inakaa kwenye begi lake: asipewe dawa ya usingizi bila mashine kuwa tayari. Bwawani simwachi hatua moja, maana pumzi ikimwishia yeye hahisi.

Akiwa mgumu kuamka, au midomo na ulimi vikibadilika rangi, ita ambulensi hapo hapo.

---

Asante sana ndugu yangu. Nimepiga, mkalimani atakuwepo Jumatatu asubuhi. Na choo, ndiyo, tangu mchanga anapata kwa shida. Hakuna aliyewahi kuniuliza, nami sikusema. Nimekiandika juu kabisa ya karatasi.