Mjadala: Je, kualisha shingo ni dawa ya kichwa na taya?

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Amu (Lamu). Juzi kijana mmoja wa mtaa wa Langoni alileta hoja kwamba tabibu wa kiropraktiki, yaani anayetibu kwa kugeuza na kusukuma shingo na mgongo kwa mikono, anayepita mwambao akaribishwe rasmi mjini na apewe chumba, kwa kuwa alimgeuza mama yake shingo mara moja, ikaalika, na kichwa kilichomsumbua kwa miaka miwili kikatulia. Waliompinga walisema huo ni utapeli na kaunti imfukuze. Pande zote mbili zimeliruka swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la kwanza: ni kichwa gani kilichokuwa kikimuuma huyo mama?

Kichwa cha kipandauso hupiga kama ngoma, mara nyingi upande mmoja, kikaleta kichefuchefu na kumfanya mtu akimbie mwanga. Kile cha uchovu na misuli iliyokaza hubana pande zote, kama kilemba kilichofungwa na mtu mwenye hasira. Kipo na cha tatu, kinachoanza kisogoni, kikapanda upande mmoja hadi juu ya jicho, na kuzidi kila mtu anapogeuza shingo. Hiki cha tatu chanzo chake ni shingo yenyewe: mishipa ya fahamu inayotoka kwenye pingili tatu za juu huingia mahali pamoja na ile ya uso katika shina la ubongo, basi ubongo ukapokea habari ya shingo na kuisoma kuwa ni ya paji la uso. Ikiwa mama wa kijana wetu alikuwa na kichwa cha namna hiyo, sioni ajabu kwamba alipata nafuu.

Kwa kipandauso mambo ni mengine. Nchini Norway, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwagawa wagonjwa 104 wa kipandauso: wengine waligeuzwa uti wa mgongo kikweli, wengine walifanyiwa igizo la tiba hiyo bila kujua, na wengine waliendelea na dawa zao. Wale wa igizo nao walipata nafuu, na waliogeuzwa kikweli hawakuwazidi kwa kiasi cha kuridhisha. Nasema hivi bila kuidharau kazi ya mikono, ila tiba hii tangu ilipoanzishwa na D. D. Palmer huko Davenport, Marekani, mwaka 1895, imependa kudai zaidi ya inachoweza; mgonjwa wake wa kwanza anayetajwa alikuwa kiziwi, na ikasemwa kuwa alisikia baada ya kusukumwa mgongo.

Kuhusu taya, weka kidole mbele kidogo ya sikio, kisha fungua kinywa taratibu. Utahisi kifundo kinazunguka, halafu kinateleza mbele. Ndani yake mna kisahani cha gegedu, na kikihama ndipo husikika mlio wa taya kualika. Hapa kwetu mtu hukaa barazani tangu alasiri hadi usiku akitafuna miraa shavu moja, kisha asubuhi analalamika kuwa taya limekaza na panda za uso zinauma. Mwingine husaga meno usingizini bila kujua. Kumgeuza shingo mtu huyu huku shavu likiendelea na kazi yake ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Mwongozo wa kitabibu uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya taya uliyapa uzito mkubwa mazoezi ya taya yanayosimamiwa, kukandwa misuli kwa mikono na ushauri wa kisaikolojia. Kugeuza kwa nguvu kulikubaliwa kwa masharti tu.

Jibu kutoka Shela:

Maalim, maneno yako ni mazuri, lakini sisi wa visiwani tunavuka maji ili tumwone daktari. Mtu akija na mikono yake na watu wakapona, kwa nini tumwekee vikwazo wakati dukani vidonge vya maumivu huuzwa bila swali lolote?

Jibu la Maalim:

Ndugu yangu wa Shela, kuhusu vidonge umesema kweli, tena hukumaliza. Anayemeza dawa ya kawaida ya maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata kichwa kinacholetwa na dawa hiyo hiyo. Hilo halimsafishi anayegeuza shingo. Mishipa miwili ya damu hupanda kwenda ubongoni kupitia matundu ya pingili za shingo. Ukuta wake ukichanika, damu huweza kuganda na kiharusi kikafuata. Jambo hilo ni nadra, na wataalamu bado wanabishana kama ni mgeuzo unaochana au ni mshipa uliokwisha kuchanika unaomleta mtu kwa tabibu akidhani ana shingo ngumu. Kwa vyovyote, tabibu asiyeuliza hatajua.

Mimi niliwahi kugeuzwa shingo, katika mji ambao sitautaja, na mtu ambaye hakuniuliza hata umri. Nilipata kizunguzungu siku tatu. Bibi mmoja mkandaji wa mtaa wa Mkomani, kabla hajatia mafuta ya simsim mkononi, aliniuliza kama nina homa, kama naona vizuri, na kama mkono wowote umekufa ganzi. Shingo hakuigeuza kamwe, aliichua tu taratibu.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 iliagiza tiba mbadala ziwekewe chombo cha kuzisimamia. Basi mimi sisemi mgeni afukuzwe, wala sisemi apewe chumba kesho. Aeleze kwanza alisomea wapi, na akubali kuwapeleka hospitali bila kuwagusa watu hawa: aliyepatwa na kichwa cha ghafla kupita vyote alivyowahi kuvijua, mwenye homa na shingo iliyokaza, aliyelegea upande mmoja, na mzee aliyevuka miaka 50 ambaye taya humuuma akitafuna na ngozi ya kichwa humuuma akichana nywele, maana huyo wa mwisho anaweza kupofuka tukichelewa. Kijana wa Langoni naomba atuambie: mama aliulizwa lolote kati ya hayo?