Hilux yenye tairi 285/75R16: nibadili gia za difu au nirudi kwenye tairi za zamani?

Viazi_Makete
Habari wakuu. Nina Hilux 2.5 D-4D, 4x4, gia za mkono. Ilikuja na tairi 265/70R16, nikaifunga 285/75R16, kubwa zaidi, kwa sababu ya tope la masika huku kwetu Makete. Tope sasa silihofii, ila ikishapakia viazi gari inakuwa nzito mno. Vilima nilivyopanda na gia ya nne leo navipanda na ya tatu, na ya tano siitumii kabisa mpaka nishushe mzigo. Difu iliyomo (gia za ekseli zinazozungusha tairi) ni 3.909, yaani krauni, gia kubwa, ina meno 43 na pinioni, gia ndogo, 11. Nimeambiwa kuna njia tatu: difu za mtumba za 4.3, seti mpya za krauni na pinioni za 4.556, au kurudisha tairi za zamani. Bajeti yangu haivuki milioni 3. Ipi ina faida?

Fundi_Difu
Mkuu, anza na hesabu. Tairi yako ya zamani ina kipenyo cha milimita 777 hivi, ya sasa 834. Imeongezeka asilimia 7, na nguvu inayofika barabarani imepungua karibu kiasi hicho hicho. Ili gari irudi ilivyotoka kiwandani na tairi hizi ungehitaji difu ya 4.19, ambayo haipo. Namba ikiwa kubwa gari inavuta zaidi, ila injini inazunguka zaidi: 4.1 inakuacha chini kidogo, 4.3 inakupeleka juu kidogo.

Chukulia injini yako ilikuwa inazunguka mara 2,500 kwa dakika ukiwa kilometa 100 kwa saa. Kwa tairi kubwa imeshuka hadi 2,330. Ukifunga 4.3 inakuwa 2,563, ukifunga 4.556 inapanda mpaka 2,716. Kwa kazi yako mimi ningefunga 4.3 bila kusita. Hiyo 4.556 ni ya mtu anayevuta tela au anayeshinda milimani mwaka mzima; wewe ukishika lami ya kwenda Dar injini itapiga kelele njia nzima na mafuta utayaona.

Mama_Fuso
Kaka, mimi napinga. Rudisha tairi. Nina pikapu mbili zinazofanya kazi, na difu ikishafunguliwa na fundi asiyeijua vizuri haitulii tena, inalia kila ukikanyaga mafuta. Ukiuza hizo 285 ukaongeza kidogo, umepata 265 mpya za tope zenye meno makubwa. Pesa inayobaki weka kwenye klachi, maana kwa mzigo na tairi hizo lazima imeshaumia. Tena tairi kubwa zinalemea breki, na hilo hakuna difu itakayokurekebishia.

Dereva_Kitonga
Dada Mama Fuso, la breki umesema kweli, ila kuna upande mmoja umeuruka. Huyu ndugu akileta viazi Dar, mlima Kitonga anaushuka akiwa na mzigo. Kwa tairi kubwa na 3.909, injini inashindwa kuishika gari vizuri kwenye mteremko, na mguu unahamia kwenye breki. 4.3 inairudisha nguvu ya injini kuzuia gari. Kwangu hiyo peke yake inatosha kuilipia.

Na kuhusu mafuta, angalia jambo moja kabla hujalaumu gari. Kwa tairi hizo ukienda kilometa 100 za kweli, dashibodi inasoma 93 tu. Ukigawa lita kwa namba ya dashibodi utaona gari inakula sana kuliko inavyokula.

Minneapolis_Mtz
Huku Marekani kazi hii ni ya kawaida sana kwa wenye pikapu. Ekseli zote mbili, spea na ufundi pamoja, mara nyingi inafika kati ya dola 1,500 na 2,500, na sehemu kubwa ni ufundi. Ukiagiza seti mpya usiagize krauni na pinioni pekee. Chukua na beringi zote, sili na shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi ya gia). Beringi kuukuu ndani ya gia mpya ni kuzitupa hizo gia.

Fundi_Difu
Ndiyo maana kwa milioni 3 nampeleka kwenye mtumba. Difu nzima iliyotoka kwenye gari nyingine, krauni na pinioni zimeshazoeana kiwandani, hakuna kuzipanga upya. Unakagua meno, unasikiliza beringi, unabadili sili na kutia oili ya difu ya GL-5. Seti mpya inataka fundi wa kupima mchezo wa meno (nafasi iliyopo kati yao) kwa geji na kupaka rangi aone yanagusana wapi. Halafu kilometa 800 za mwanzo uendeshe taratibu bila mzigo, kisha umwage oili.

Kabla hujanunua, hakikisha ya kwako. Zuia tairi za mbele, inua nyuma, gia iwe huru. Weka alama kwenye propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu), zungusha tairi moja mara 2 huku nyingine imetulia. Propela ikizunguka mara 4 kasoro kidogo, ni 3.909. Mtumba nao uhesabu meno mwenyewe, usiamini maneno ya muuzaji.

Viazi_Makete
Nimepima leo, ni 3.909 kweli. Nimempigia muuzaji wa Gerezani, anayo 4.3 ya nyuma tu, ya mbele hana. Nifunge hiyo kwanza?

Fundi_Difu
Inunue kama ni nzima, ila usiifunge. Mbele na nyuma lazima zilingane. Kwenye 2H (tairi za nyuma tu zinavuta) gari itatembea kama kawaida, lakini siku utakayoingiza 4H (zote nne zinavuta), ekseli mbili zitavutana kwa asilimia 10 na kitakatika kilicho dhaifu, shafti ya mbele au gia za transfa (zinazogawa nguvu mbele na nyuma). Ukilazimika kuifunga kiangazi hiki, chomoa propela ya mbele ili dereva mwingine asije akaingiza 4H bila kujua. Na ya mbele ipatikane kabla ya masika.

Mama_Fuso
Kama ya mbele ikikosekana mpaka Novemba, nitafute. Nina rimu nne zenye 265 zimekaa stoo.