Unamsukumaje paka wa watu kwenye tundu la mlango?!

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka kwa hasira, makosa ya herufi mtayavumilia.

Sitaji jina. Mnamjua. Yule yule ambaye kila uzi wa wanyama humu lazima apite na "mimi nimefuga paka tangu sijaota meno". Aliyemshauri mtu amwogeshe kobe kwa sabuni ya unga. Huyo huyo. Kajileta mwenyewe eti aniwekee kimlango cha paka, kile kitundu chenye kifuniko kinachokatwa chini ya mlango paka ajipitie mwenyewe.

Paka wangu nimemchukua kwenye makazi ya wanyama waliotelekezwa. Ni mtu mzima, kateseka huko alikotoka, kijiko kikianguka anaingia chini ya kitanda hatoki mpaka kesho. Nimempa chumba kimoja atulie, chakula kona hii, sanduku la mchanga kona ile, boksi la kujifichia. Simkodolei macho. Nakaa sakafuni, akinitazama nafumba macho taratibu nafumbua, ajue sina shari. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kunusa vidole vyangu! Walionikabidhi walisema asitoke nje kabla ya wiki mbili tatu, ajue kwanza kwao ni wapi. Kimlango nilitaka kiwepo tu, kimefungwa, kisubiri zamu yake.

Bingwa akaja. Akapima kimo cha tundu kwa goti lake. Goti lake! Kinachopimwa ni tumbo la paka, ukingo wa chini uwe usawa wa tumbo ili apige hatua apite. Hapo alipoweka yeye labda apite twiga. Akakata mlango, vumbi nyumba nzima, akakaza skrubu, akaanza kuita "mchumba, njoo". Maskini paka akachungulia, udadisi tu. Jamaa akamnyakua kiunoni akamsukuma kwenye kimlango kichwa mbele, kama anatia barua kwenye sanduku la posta.

ALIMSUKUMA. Paka katanua miguu yote minne, kucha zimeng'ang'ania fremu, mkia umefumuka wote, na jamaa anasukuma huku anasema, hapa someni polepole: "Paka hafundishwi, paka anasukumwa."

Anasukumwa!

Paka kalia ukelele ambao nadhani mbwa wa mtaa wa tatu wamehama. Kajipindua, kamparura bingwa, karuka. Sasa hivi yuko juu ya kabati nyuma ya masanduku na hataki kumwona binadamu. Na bingwa kabla ya kuondoka akaniomba dawa ya kupaka mikwaruzo, akasema paka wangu "hana malezi".

Hivi wewe ukihamia nyumba mpya, mtu akushike kiuno akupitishe dirishani, utasema umeonyeshwa njia?

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza. ALIMSUKUMA.

Siti_ya_Mbele: Uzi bila picha ya paka juu ya kabati ni porojo. Nimekaa paleee.

Babu_Kipara: Pole mleta mada. Ila bingwa kapona? Tangu asubuhi namwona yuko hewani na haandiki neno.

Ua_la_Usiku: "Hana malezi" imenifanya niamshe mtoto kwa kicheko. Dada, huyo paka apewe nishani. Msimfuate huko juu wala msimvute. Fungeni kimlango, chakula na mchanga viwe karibu, nyumba ikitulia usiku atashuka mwenyewe. Siku ya kumfundisha ikifika, kile kifuniko kinyanyue ukibane kwa selotepu, abaki na tundu tupu la kupita, wewe uwe upande wa pili na kitu anachokipenda. Akizoea, shusha kifuniko kidogo kidogo.

Siti_ya_Mbele: Ua la Usiku umetuharibia ugomvi na ushauri wako.

Kochi_Linanuka: Mbona hakuna anayeuliza ni kimlango cha aina gani? Kama ni hiki cha kusukuma tu, karibisheni wageni. Changu kinaingiza dume la jirani. Linakula, linakojolea kochi, linatoka limeinua mkia. Mwenyewe ukimwambia anajibu "ni mpole sana". Huyo jirani ndiye wa kufunguliwa uzi.

Mleta mada: Mkuu, mada ni paka KUSUKUMWA.

Kochi_Linanuka: Nimekuelewa dada. Lakini kochi langu linanuka.

Chuma_Chakavu: Weka cha sumaku, yamekwisha.

Mama_Paka_Wengi: Cha sumaku nilikuwa nacho! Paka anavaa sumaku shingoni, jioni anarudi na misumari na vizibo vya chupa, nikadhani kafungua karakana. Na paka mwingine yeyote mwenye sumaku anaingia vilevile. Chukueni cha kusoma chipu, ile inayopandikizwa chini ya ngozi kati ya mabega. Ina namba ya tarakimu 15, kimlango kinaikariri, dume la jirani likija linagonga kichwa tu. Angalieni betri za kimlango zisiishe paka akiwa nje.

Babu_Kipara: Kwa hiyo na chipu hiyo nitamwona kwenye simu yuko wapi?

Mama_Paka_Wengi: Hapana babu. Haina betri, inasomwa kwa karibu sana tu. Hiyo unayotaka inavaliwa shingoni.

Babu_Kipara: Basi nimvalishe mke wangu.

Kioo_Kimekwisha: Nyie mna milango ya mbao mnalalamika. Mimi mlango wangu ni kioo kilichoimarishwa kwa joto. Fundi nikamwambia hiki hakitobolewi, kinaagizwa kikiwa na tundu lake tangu kiwandani. Akasema "wewe niachie". Drili imegusa tu, kioo kizima kikamwagika punje punje. Fundi akaniangalia, akauliza kama bado nataka kimlango!

Siti_ya_Mbele: Hahahaha jamani, sasa nyumba nzima ni kimlango.

Kamba_Mbili: Samahani mleta mada, huo msumeno wa umeme aliokatia mlango una rangi ya chungwa na waya umezungushiwa selotepu nyeusi?

Mleta mada: Ndiyo. Kwa nini?

Kamba_Mbili: NI WANGU. Aliazima wa "nusu saa" kabla watoto hawajafungua shule!

Chuma_Chakavu: Kumbe! Na ngazi yangu je?

Kochi_Linanuka: Ngazi ya bati? Aliniletea mimi nimfukuze dume darini, akaiacha hapa.

Mleta mada: Jamani, paka bado yuko juu ya kabati.

Chuma_Chakavu: Kochi, mpelekee dada hiyo ngazi, ila ijulikane ni yangu.

Kochi_Linanuka: Hii haina vidato viwili katikati, mkuu.

Chuma_Chakavu: Haina VIPI? Ilitoka kwangu na vidato vyote! Nafungua uzi.