Mnachangisha "kwa utafiti wa saratani ya watoto". Huo utafiti uko wapi?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naongea.

Kila Septemba, mwezi wa saratani za watoto, riboni za rangi ya dhahabu zinajaa kila mahali. Matembezi, chakula cha jioni cha hisani, mabango yenye picha ya mtoto aliyenyonyoka nywele, dripu mkononi. Fulana niliyonunua ina neno UTAFITI kifua kizima. Ndani, kwenye lebo, kwa herufi za kutafuta kwa tochi: "sehemu ya mapato itachangia utafiti." Sehemu gani? Nusu? Asilimia mbili? Nikawaandikia waandaaji: ni maabara ipi, saratani ya aina gani? Wakanijibu "asante kwa moyo wako wa upendo", chini yake namba ya kuchangia tena. Ripoti yao ya mwaka imejaa picha za maputo, hesabu zilizokaguliwa hakuna.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba utafiti huu unaokoa kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, aina ya saratani ya damu inayowapata zaidi watoto ilikuwa inaua karibu wote. Leo katika nchi tajiri wanapona takriban 9 kati ya 10, kwa sababu madaktari walichanganya dawa, wakalinganisha matokeo ya hospitali nyingi, mwaka baada ya mwaka. Na michango ya watu wa kawaida ilikuwemo tangu mwanzo: mwaka 1948 Wamarekani walichangia kupitia redio kazi ya Dkt. Sidney Farber kule Boston, aliyekuwa akitafiti dawa za saratani ya damu kwa watoto.

Sasa mwangalieni mtoto mwenye DIPG, uvimbe wa kwenye shina la ubongo. Upasuaji wa kuuondoa hauwezekani, mionzi inampa miezi tu, na wengi hawamalizi mwaka mmoja na nusu. Wagonjwa ni wachache, kwa hiyo kampuni za dawa hazioni soko. Mtoto huyu anategemea hela hizi hizi mnazolipia kumbi na mapambo!

Na msituambie kuuliza ni kuvunja watu moyo. Wapo wazazi waliozika wanaochangia hapo, wana haki ya kujua hela ilipoishia.

Kama kuna aliyewahi kupewa mchanganuo kamili, kilichokusanywa, gharama za shughuli, kilichofika kwa watafiti na jina la mradi, auweke hapa. Waandaaji mnaosoma, nanyi wekeni wa kwenu.