Gemu la mashine moja tu: wewe lilikukuta vipi? Tupeane uzoefu

#1 (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Kuna magemu yanatoka kwa mashine moja tu, na ukiwa na nyingine unaishia kuangalia wenzako YouTube. Leo sitaki ligi ya PlayStation na Xbox, tumeichoka. Nataka kusikia wewe mwenyewe ilikufanyia nini.

Naanza. 2018 shemeji yangu aliyeko Muscat alinitumia Xbox One. Nikatamba nayo kama wiki mbili. Mwezi wa tisa ikatoka Spider-Man, PS4 peke yake, na vijana wote wa hapa Tabata wakahamia sebuleni kwa binamu yangu. Binamu naye mjanja: hagusi mtu padi mpaka alete luku. Kila Jumamosi nasimama mlangoni na simu namsomea tarakimu 20, yeye anabonyeza kwenye mita, mita ikikubali ndipo napewa zamu. Elfu mbili kila safari. Xbox yangu nyumbani imefunikwa kitambaa kama cherehani ya bibi.

#2
Mkuu umenichekesha. Mimi nina kibanda cha gemu Temeke. Nilidhani God of War ya 2018 itanitoa, maana kwenye Xbox haipo. Wapi! Wateja wangu wanalipa mia tano kwa mechi, wawili wanatoka, wawili wanaingia. God of War mtu anakaa peke yake saa nzima, benchi lote limenuna. Alikuwepo dogo mmoja tu akilipia kwa saa, kila akitoka shule. Alishafika ziwani kwa yule joka mkubwa. Siku moja mwenzake akaanza upya, akasevu juu ya ile ya dogo. Alipokuja akatazama kioo, akaweka padi chini taratibu, akaomba mia tano yake. Sikumwona tena. Nikarudi kwenye mpira, ambao uko kila mashine.

#3
Hapa Mombasa. Mwenzenu sikuumizwa na mashine, niliumizwa na timu. Mimi ni Juve tangu enzi za Del Piero. 2019 Konami, wenye gemu la mpira la PES linaloshindana na FIFA, wakachukua haki za Juventus peke yao, basi FIFA 20 ikaja na timu yaitwa Piemonte Calcio. Ronaldo yumo, wachezaji ni wale wale, ila jezi si yetu, nembo si yetu, hata uwanja si wetu. Jirani yangu ni Inter damu. Kila nikimfunga aniuliza, "Ati hao Piemonte wacheza ligi gani?" Goli halina utamu tena. Nimevumilia mpaka FIFA 23 waliporudi.

#4
Gemu la GTA San Andreas lilitoka PS2 Oktoba 2004. Sisi wa kompyuta ya baba tukasubiri hadi Juni 2005. Miezi yote hiyo shuleni nilijifanya ninalo. Nilinakili chiti za wenzangu, yaani vitufe vya padi vya kubonyeza kwa mpangilio upate silaha na hela za bure, nyuma ya daftari la Jiografia, kurasa mbili: R1, R2, L1, R2, kushoto, chini, kulia, juu... Nikawa naziuza hadi kwa wenye PS2! Siku gemu lilipofika kwenye kompyuta nikafungua daftari kwa mbwembwe. Kumbe huku chiti ni maneno ya kuandika, HESOYAM na wenzake. Kibodi haina R1. Daftari zima halikunisaidia kitu.

#5
Mnalialia tu. Kampuni ikimwaga hela kutengeneza gemu, iache kuuzia mashine yake? Na mwenye subira anapata: Spider-Man iliingia kompyuta Agosti 2022.

#6 (mtoa mada)
#5, miaka minne hiyo mkuu, na uniti zangu je?

Lakini nisijifanye malaika. 2021 ilipotoka Forza Horizon 5, gemu la magari lililokuwa Xbox na kompyuta tu, ikawa zamu ya binamu kubisha hodi kwangu. Nikatoa kitambaa, nikamwambia asome namba pole pole, mita yetu vitufe vimechakaa. Nimekula luku yake mpaka Aprili 2025, gemu likaingia PS5. Tangu hapo haji. Juzi kapiga simu kusalimia, nikamuuliza Jumamosi vipi, akasema ana msiba.

Haya, wengine endeleeni.